Kiwiko Kikunjwe Kingali Kibichi

Achukuliwe mfano wa fundi mwashi mwenye umri wa miaka 35. Bodaboda aliyopanda imeteleza njiani, naye ameanguka huku ameutanguliza mkono wa kulia ili kujikinga. Kiwiko kimevimba, kimepinda, na ncha yake imechomoza kwa nyuma chini ya ngozi. Katika hospitali ya kwanza kiwiko kinavutwa na kurudi mahali pake, mkono unafungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo, na mgonjwa anaambiwa arudi baada ya wiki 6. Anarudi siku ileile aliyopangiwa, kwa kuwa ni mgonjwa mtiifu. Plasta inakatwa. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa iliyounga, na aliyeipiga picha hiyo anaridhika. Lakini fundi huyo hawezi kufikisha tonge kinywani, hawezi kunawa uso kwa mkono wa kulia, wala hawezi kuunyoosha mkono ukutani na mwiko wa kupigia lipu. Mfupa umepona, lakini mkono hauna kazi.

Mfano huu si mgeni kwa mhudumu yeyote wa afya aliyewahi kukaa katika kliniki ya mifupa. Katika mfano wote hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Mgonjwa alitii, mhudumu alifuata mazoea, na mfupa ulifanya kazi yake ya kuunga. Kosa limo katika kipimo kilichotumika. Kiwiko cha mtu mzima hakipimwi kwa picha peke yake. Hupimwa kwa kijiko, yaani kwa uwezo wa mkono kufika kinywani na kurudi. Kwa hiyo lengo la tiba halina budi kuwa kiwiko kilicho thabiti kiasi cha kuanza kukunjwa mapema, ndani ya siku chache na si baada ya miezi. Pale ambapo kiwiko kinaweza kuwa thabiti bila upasuaji, plasta ya muda mrefu ni hasara tupu. Pale ambapo hakiwezi kuwa thabiti bila upasuaji, plasta ya muda mrefu haiwi badala ya upasuaji.

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo husemwa aghalabu katika malezi ya watoto, lakini hakuna kiungo cha mwili kinachoithibitisha kama kiwiko.

Kiungo chenye kazi mbili

Kiwiko, ambacho wengine hukiita kisukusuku, hukutanisha mifupa mitatu: humerasi, ambao ni mfupa wa mkono wa juu, ulna, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo, na radiasi, ulio upande wa dole gumba. Humerasi na ulna hufanya kazi kama bawaba ya mlango, kwa kukunja na kunyoosha. Radiasi nayo huzunguka kando ya ulna ili kiganja kiweze kugeuka, kama afanyavyo mtu anayezungusha ufunguo au anayekinga kiganja apokee chenji. Mifupa hii imeshikana kwa ukaribu mno. Imezungukwa na kifuko chembamba na kano zifungazo mfupa kwa mfupa, na mbele ya kifuko hicho misuli imelala moja kwa moja.

Ukaribu huo ndio unaokipa kiwiko uimara wake, na ndio huohuo unaokifanya kikakamae upesi kinapoumia na kuachwa bila mwendo. Damu iliyovuja huganda, kifuko hunenepa na kusinyaa, na misuli iliyo mbele hushikamana nacho. Kila wiki inayopita bila mwendo huongeza ugumu, na ugumu uliokwisha kukomaa hauondolewi kwa urahisi.

Mwaka 1981 Bernard Morrey na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha vipimo vya mwendo ambao mtu huuhitaji katika shughuli za kila siku kama kula, kuvaa, kujisafisha na kufungua mlango. Waliona kwamba shughuli nyingi hutimia iwapo kiwiko kinaweza kwenda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 130 za mkunjo, na kiganja kugeuka nyuzi 50 juu na nyuzi 50 chini. Kiwiko kizima hunyooka kabisa na hukunjwa hadi nyuzi 140 au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupungukiwa kidogo katika kunyoosha na bado akaendesha maisha yake. Lakini kiwiko kilichoganda kwenye nyuzi 90, mkao uleule wa plasta, hakifiki kinywani, na bega halina namna ya kulifidia pengo hilo.

Mteguko uliorudishwa haujakwisha

Miongoni mwa viungo vikubwa vya mtu mzima, kiwiko hushika nafasi ya pili baada ya bega kwa kuteguka mara nyingi. Mteguko huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao mifupa imehama bila kuvunjika. Huo huitwa mteguko wa kawaida. Wa pili ni mteguko ulioambatana na mvunjiko, na huo ndio ulio mgumu. Tofauti ya aina hizi mbili haionekani kwa macho, wala haipimwi kwa ukubwa wa maumivu. Huonekana katika picha nzuri zilizopigwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, kabla na baada ya kiwiko kurudishwa.

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Kiwiko kinaporudi mahali pake, maumivu hupungua ghafla, mgonjwa hushukuru, na kila mmoja hudhani kazi imekwisha. Picha ya pili haipigwi, au hupigwa lakini kipande kidogo cha mfupa, mfano wa punje ya hindi, hupuuzwa. Kumbe kipande hicho huweza kuwa kimetoka kwenye koronoidi, mdomo wa mbele wa ulna unaouzuia mfupa huo usiteleze kwenda nyuma. Kwa umbo ni kidogo, bali kwa kazi ni kigingi.

Iwapo koronoidi imevunjika, kichwa cha radiasi kimevunjika, na kano za upande wa nje zimekatika kwa pamoja na mteguko, nguzo tatu za kiwiko zinakuwa zimeanguka kwa mpigo mmoja. Daktari Robert Hotchkiss wa Marekani aliliita jeraha hilo, mwaka 1996, utatu wa kutisha, kwa sababu matokeo yake yalikuwa mabaya mara kwa mara. Mlango uliong'oka bawaba haushikiki kwa kufungwa kamba. Vivyo hivyo kiwiko cha namna hiyo huweza kutoka tena ndani ya plasta bila mtu kukiona. Ndiyo maana picha hurudiwa baada ya takriban wiki moja, hata kama mgonjwa hana lalamiko.

Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hatarajiwi kuyatibu majeraha haya mpaka mwisho. Anatarajiwa kuyatambua. Kabla na baada ya kurudisha kiwiko apime mpigo wa damu kwenye kifundo cha mkono, kisha amwombe mgonjwa afanye mambo matatu: ainue dole gumba juu, aunganishe dole gumba na kidole cha shahada kufanya duara, na atawanye vidole. Mambo hayo matatu huonyesha kama mishipa mitatu mikubwa ya fahamu ingali inafanya kazi. Akiandika alichokiona na saa aliyokiona, amemsaidia daktari bingwa kuliko barua ndefu. Kisha, mgonjwa akiwa chini ya dawa ya kutuliza, kiwiko kikunjwe na kunyooshwa taratibu kuona kama kinateleza kikiwa bado mbali na kunyooka. Kiwiko kinachoteleza, au ambacho picha yake ina kipande cha mfupa kisichoelezeka, kipewe rufaa siku hizohizo. Kazi ya upasuaji huwa nyepesi zaidi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Baada ya wiki 3 hivi mteguko uliosahaulika huwa haurudi kwa kuvutwa, na upasuaji wake huwa mrefu na wenye matokeo haba.

Si kila kiwiko ni cha kisu

Katika majeraha magumu, upasuaji una mpangilio unaojulikana. Mwaka 2004 madaktari wa Kanada walichapisha utaratibu ambao sasa unafuatwa katika nchi nyingi: koronoidi hutengenezwa kwanza, kisha kichwa cha radiasi huungwa kwa skrubu au hubadilishwa kwa kichwa cha chuma, kisha kano za upande wa nje hushonwa kwenye mfupa. Kiwiko hupimwa palepale mezani. Kikiwa hakijatulia, kano za upande wa ndani hushonwa pia au mkono huwekewa fremu ya nje. Kichwa cha radiasi kilichosagika hakipaswi kutolewa na kutupwa tu katika kiwiko kisicho thabiti, kwani kukitoa ni kubomoa nguzo iliyobaki. Pale ambapo kichwa bandia hakipatikani, rufaa kwenda hospitali ya kanda au taasisi ya mifupa ni sehemu ya tiba yenyewe, si kushindwa kwa mhudumu.

Hata hivyo hoja hii isisomwe kuwa ni wito wa kuwapasua watu wote. Daktari Mason wa Uingereza aligawa mivunjiko ya kichwa cha radiasi katika makundi matatu mwaka 1954, na kundi la kwanza, ambalo kipande hakijahama, halihitaji zaidi ya kitambaa cha kuning'inizia mkono kwa siku chache na kuanza kuukunja. Mvunjiko wa ncha ya nyuma ya kiwiko kwa kijana, vipande vikiwa vimeachana, kwa kawaida huungwa kwa waya au bamba la chuma. Lakini kwa bibi au babu mwenye miaka zaidi ya 75, mambo huwa mengine. Jaribio la tiba lililofanyika Edinburgh, Uskochi, na kuchapishwa mwaka 2017, lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa waliopasuliwa walipata matatizo mengi kuliko wale waliowekewa kitambaa na kuachwa waanze kuutumia mkono. Mvunjiko wa sehemu ya chini ya humerasi nao, kwa mtu mwenye nguvu, huhitaji mabamba mawili yaliyofungwa kwa uangalifu huku mshipa wa fahamu wa ulna ukilindwa. Kwa mzee dhaifu ambaye usingizi wa upasuaji ni hatari kwake, kitambaa na mwendo wa mapema huweza kumpa mkono unaotosha mahitaji yake.

Jambo linalounganisha mifano yote hii, yenye kisu na isiyo na kisu, ni lile lile: kila njia huchaguliwa ili mwendo uanze mapema.

Ushahidi wa mwendo

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliochunguza watu wazima 52 waliopata mteguko wa kawaida walikuta kwamba kadiri kiwiko kilivyofungwa kwa muda mrefu ndivyo kilivyokakamaa na kuuma zaidi baadaye. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 100 wa mteguko wa kawaida. Kundi moja lilifungwa plasta kwa wiki 3, jingine likaanza kukunja kiwiko mapema likiwa na kitambaa tu. Waliokunja mapema walipata nafuu haraka zaidi na wakarudi kazini baada ya siku 10, ilhali waliofungwa plasta walirudi baada ya siku 18. Ilipotimia miaka ya ufuatiliaji, yaani mwaka mmoja, makundi yalikuwa sawa, na hakuna kiwiko kilichoteguka tena katika kundi lolote. Hofu kubwa inayowafanya wahudumu wafunge plasta ndefu, kwamba kiwiko kitatoka tena, haikuthibitika.

Ni haki kukiri mpaka wa ushahidi huo. Majaribio hayo yalihusu mteguko wa kawaida, si ule wenye mivunjiko. Kukunja mapema kiwiko ambacho nguzo zake zimeanguka na hazijasimamishwa ni kukiharibu. Ndiyo sababu uthabiti hutangulia na mwendo hufuata. Lakini wengi huishika nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ya pili. Mgonjwa hufanyiwa upasuaji mzuri wa gharama kubwa, kisha hufungwa plasta wiki 6 kana kwamba skrubu hazikuwekwa. Katika hali hiyo fedha ya mgonjwa imenunua uthabiti ambao haukutumiwa.

Wapo watakaosema kwamba mapendekezo haya yanafaa nchi tajiri, si mahali ambapo hospitali ya rufaa ni safari ya siku nzima na mtaalamu wa fiziotherapia hapatikani wilayani. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini unatia nguvu hoja hii badala ya kuidhoofisha. Mgonjwa asiye na fiziotherapia karibu ndiye asiyestahili kabisa kukakamazwa, kwa kuwa hana pa kwenda kukunjuliwa. Tarehe ya kuvua plasta iliyoandikwa kwenye kadi haina gharama. Kitambaa cha shingoni ni kanga iliyokunjwa. Mazoezi yenyewe hufanyika kitandani.

Wapo pia wanaoanzia kwa mganga wa kuunga mifupa. Kuwakejeli hakufai, kwani mganga yuko karibu, anasikiliza, na malipo yake huweza kusubiri mavuno. Linalofaa ni kusema wazi mambo mawili. Gango lililokazwa mno huweza kuzuia damu hata vidole vikafa. Na kuchua au kukanda kiwiko kilichoumia, pamoja na kukivuta kwa nguvu, huchochea mfupa mpya kuota ndani ya misuli, nao huweza kukifunga kiungo kama komeo. Onyo hilo linawahusu pia jamaa wa nyumbani wenye nia njema na chupa ya mafuta.

Mgonjwa na kazi yake

Kukunja mapema si kukunjwa na mtu mwingine. Nguvu iwe ya misuli ya mgonjwa mwenyewe, ikisaidiwa kwa upole na mkono wake mzima. Njia moja inayofaa, daktari akishairuhusu, ni kulala chali na kuelekeza mkono wa juu darini, kisha kukunja na kunyoosha kiwiko taratibu. Katika mkao huo uzito wa mkono hukisaidia kiwiko kubaki mahali pake. Vipindi vifupi mara nyingi kwa siku huzaa matunda kuliko kipindi kimoja kirefu cha mateso. Kiganja kigeuzwe juu na chini kiwiko kikiwa kimekunjwa, na vidole pamoja na bega visiachwe vikalala. Aliyeshonwa kano za upande wa nje aepuke kuinua kiwiko kwenda ubavuni, kwa sababu mkao huo huzivuta kano kabla hazijashika.

Maumivu ya wastani wakati wa zoezi si dalili ya kuharibika. Lakini maumivu yanayozidi kila saa licha ya dawa, vidole kufa ganzi au kuwa baridi, maumivu makali vidole vinaponyooshwa, kidonda kutoa usaha, au kiwiko kugota ghafla, hayo ni ya kurudi hospitali mara moja bila kungoja siku ya kliniki. Na mvunjiko ambao ngozi imepasuka ni dharura tangu mwanzo: unahitaji dawa za kuua vijidudu, kinga ya pepopunda na kusafishwa chumba cha upasuaji.

Kwa upande wa hospitali, mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Kadi ya kila mgonjwa wa kiwiko iandikwe mambo matatu kabla hajaondoka: kama picha ya baada ya kurudisha imeonekana kuwa sawa, tarehe ambayo kiwiko kitaanza kukunjwa, na mkunjo ambao mgonjwa asiuvuke kwa sasa. Kila kliniki inayofuata iandike nyuzi za kukunja na kunyoosha kando ya tarehe, kama vile uzito wa mtoto unavyoandikwa kwenye kadi yake. Nyuzi zisipoongezeka kwa wiki kadhaa, rufaa itolewe mapema. Na mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuvaa shati lake na kuondoka: mkono huu utaanza kukunjwa lini?

Fundi mwashi wa mfano wa mwanzo, kama angeulizia hilo na kama kadi yake ingekuwa na jibu, huenda asingepata kiwiko kama alichozaliwa nacho. Majeraha haya ni mazito, na upungufu wa nyuzi chache ni jambo la kawaida hata mikononi mwa mabingwa. Lakini angeweza kula kwa mkono wake, na angeweza kurudi kwenye ukuta aliouacha nusu.